Tabaruku ya Bibi wa Simu

Jumatatu, 3 Machi

Vitabu vimefika! Maboksi sita, bado yamefungwa kamba za plastiki. Rula, mpanga kurasa wetu, kazikata, na Chifu akatuzuia tusiguse kitu mpaka yeye anuse kwanza — ndiyo desturi yetu, mhariri mkuu ananusa nakala ya kwanza kisha anaipitisha mkono kwa mkono. Chumba chetu sisi wachapishaji wa chuo, chini ya ngazi za maktaba, zamani stoo ya viti vibovu, kilinukia wino na gundi mpaka wanafunzi waliokuwa wanapita wakachungulia.

Kitabu ni cha Bibi wa Simu. Miaka yake kwenye ubao wa kuunganishia simu, enzi zile ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine ni lazima opereta akuunganishe kwa mkono wake. Jalada limetoka zuri sana. Yeye kijana, hedifoni kichwani, anatazama pembeni utadhani kaitwa. Mwenyewe hajaliona. Alifariki mwezi uliopita, wiki ileile tuliyopeleka kazi kwa mchapaji.

Nikafungua. Mimi huanza na kurasa za mbele kwa sababu jina langu liko pale, kwa herufi ndogo, chini ya neno mhariri. Ndiyo, nilikwenda kujitafuta mwenyewe kwanza. Nikageuza ukurasa. Tabaruku. Nikasoma: "Kwa mume wangu, ambaye simu zake zote nilizisikiliza."

Hayo si maneno ya Bibi. Ni yangu.

Sisi tuna kitu tunakiita kijazio. Maneno ya mwandishi yakichelewa, unaandika sentensi yoyote mahali pake ili Rula apate kuendelea na kazi. Waliotutangulia walituachia sheria: kijazio kiwe chekundu, na kiwe cha kipuuzi kabisa, ili yeyote anayepitisha macho ashtuke. Watu huandika habari za maharage ya kantini. Mimi nikajitia ujanja. Nikaandika utani unaofanana na kitabu, nikajisifu moyoni, nikaendelea na mambo yangu.

Chifu kaupita. Rula kaupita. Mhadhiri mlezi wetu kaupita na kutia saini. Tena leo Chifu kashika ukurasa huohuo akasema hii tabaruku ni kiboko, bibi alikuwa na utani huyu. Nikasema ndiyo. Nikacheka pamoja nao. Kile kicheko sijui nilikitoa wapi.

Uzinduzi ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Jumanne, 4 Machi

Tabaruku ya kweli ilikuwepo. Bibi alinitajia kwa simu.

Macho yake yalikuwa hayamsaidii tena, kwa hiyo kitabu kizima tulikirekebisha kwa simu. Alikuwa na mtindo wake wa kazini: akimaliza kusema jambo, anasema, "Nirudishie." Hapo unalirudia neno kwa neno. Ukikosea anasema hapana, anaanza upya, bila kukasirika. Mwanzoni iliniudhi. Baadaye nikaanza kuipenda, maana nyumbani kwetu hakuna mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi.

Siku ile alipiga nikiwa kwenye foleni ya kantini. Trei mikononi, simu nimeibana kwa bega. Akasema kaa chini uandike, hii ndiyo ya mume wangu. Sikukaa. Nikasema nipo tayari, bibi. Akasema sentensi mbili, polepole, akipumzika katikati. Mpishi akaniuliza chipsi au wali. Nikamwonyesha chipsi kwa kidevu. Bibi akamaliza, akasema, "Nirudishie." Nami nikasema, "Nimeshaandika yote bibi, usiwe na wasiwasi, hapa kuna kelele." Alikohoa kidogo. Kisha akasema, "Haya mwanangu. Nakuamini."

Kwa ajili ya chipsi!

Leo nimekaa kitandani nimefumba macho, navuta kumbukumbu. "Kwa mume wangu" ipo. Halafu kulikuwa na mlango. Au kufungua, au kufunguliwa. Sauti yake naisikia vizuri, mpaka ile mikwaruzo ya kooni, lakini maneno hayaji. Ninachokisikia vizuri kuliko vyote ni chipsi zinamwagwa kwenye sahani.

Nilipanga kumpigia kesho yake nimwombe arudie. Kesho yake nikaona aibu. Utaanzaje kumwambia mtu kwamba alipokuamini ndipo ulipokuwa unamdanganya? Nikaweka kijazio, nikajiambia ngoja nipate ujasiri. Siku zilivyosogea aibu ikazidi, maana sasa nilikuwa na kosa na kuchelewa pia. Ndivyo nilivyo. Nikiona aibu naongeza jambo la pili la kuonea aibu.

Kisha ikaja habari ya msiba. Niandike tu, humu hasomi mtu: kabla sijalia, nilishusha pumzi. Nilijua hatapiga tena kuuliza. Na lile faili sikulifungua tena mpaka linaondoka.

Jumatano, 5 Machi

Nakala za mwandishi hazitumwi. Mhariri anazipeleka mwenyewe, mkononi. Hiyo nayo ni desturi, na mwanzoni mwa mwaka mimi ndiye niliyekuwa nasema kwamba ni desturi nzuri kuliko zote.

Nyumba ya Bibi na mumewe iko ghorofa ya juu kabisa, lifti haipo. Nikapanda huku nafanya mazoezi ya sentensi yangu: Babu, kuna kosa kwenye tabaruku, na kosa ni langu. Kila ngazi neno. Nilifika juu naijua kama jina langu.

Mzee kafungua mwenyewe. Ujanani alikuwa mwuza dawa wa kusafiri, mji kwa mji na sanduku la sampuli. Sasa anatembea kwa kushikilia ukuta. Sebuleni kuna makochi yenye vitambaa vya kufuma, redio, na simu ya mezani iliyokufa zamani lakini inafutwa vumbi bado. Akanikaribisha, akaniita mwanangu. Nikamnyooshea bahasha. Akasema ngoja. Akaenda kunawa mikono.

Kunawa mikono, ndipo ashike kitabu!

Akalipapasa jalada, akalisogeza karibu na uso. Akaniambia hatakifungua leo, leo atakitazama tu. Kesho ataanza, kwa lenzi yake, ukurasa mmoja mmoja. Nikauliza kwa nini asisomewe, kingeisha upesi. Akasema ndiyo maana hataki, kikiisha upesi atakuwa hana tena cha kusubiri.

Akanipa soda. Nikanywa. Akanieleza jinsi mkewe alivyokuwa akinisifia, kwamba kapata mtoto mmoja chuoni anayejua kusikiliza. Soda ikanipalia. Akanipiga mgongoni kwa upole mpaka nikatulia, na baada ya hapo ningesema nini? Nikaaga.

Ijumaa, 7 Machi

Mzee kapiga ofisini. Chifu kapokea, kaweka spika ili wote tusikie pongezi. Hazikuwa pongezi. Anamtaka yule binti aliyepokea maneno ya mke wake. Aje nyumbani. Aje peke yake. Sauti haikuwa ile ya siku ya soda.

Chifu akanitania, Mkato umempendeza mzee. Mkato ndiyo mimi, kwa sababu natia mikato kila mahali, hata pasipotakiwa. Nikasema kichwa kinaniuma, nitaenda kesho. Na kweli kikaanza kuuma.

Halafu nikiwa bafuni limenijia jambo ambalo lingepaswa kunijia siku ile ninaandika ule upuuzi. Sura ya nne! Niliihariri mwenyewe, naijua yote. Bibi anaeleza pale kiapo cha maopereta: ukishawaunganisha watu wawili unarudisha swichi, unatoka kwenye laini. Hubaki. Husikilizi. Anasema hata simu ya shangazi yake yenye habari ya kifo ilipita kwake, akaiunganisha, akatoka, akangoja nyumbani aambiwe na watu kama wengine. Anasema katika kazi ile hakupata cheo wala nyumba, alipata hilo tu, kwamba hakuna mtu mjini anayeweza kusema yule mwanamke alinisikiliza.

Nami nimemwandikia kwenye kitabu chake, juu ya jina lake, kwamba alisikiliza. Ni kama kuandika mwizi kwenye kaburi la mlinzi.

Wale maopereta wenzake wastaafu wamealikwa kwenye uzinduzi. Kadi niliwaandikia mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi. Nikiahirisha kuandika nitaanza kujipamba.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha meza ya chakula. Kitabu kimefungwa mbele yake, lenzi juu yake. Hajavuka ukurasa ule. Hakunipa soda.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Maneno haya uliyasikia kwa masikio yako?"

"Tulizungumza kwa simu, babu."

Jambo ambalo ni kweli. Mtu gani huyu, hata uongo nauchagulia nguo za heshima.

"Alisema zote? Simu zote?"

Akadhani kimya changu ndilo jibu. Akaanza kunieleza, macho kwenye kitambaa cha meza, na mimi sikupata mahali pa kumkatiza. Au nilipata, mara nyingi, nikapaacha papite.

Zamani, watoto wao wakiwa wadogo, alikuwa na mwanamke katika mji mmoja kwenye njia yake ya dawa. Mshonaji, mjane. Akiwa huku alikuwa akimpigia simu kutoka duka la dawa, na simu zote za kwenda mji ule zilipita kwenye ubao aliokaa mke wake. Basi alikuwa akichagua saa ambazo mkewe hayuko zamu. Lakini wale wanawake walikuwa wakibadilishana zamu, mwenzao akiuguliwa na mtoto, au akiwa na shughuli. Kuna siku opereta alimwambia, "Ongea," na ile sauti — hakuwa na uhakika. Neno moja tu. Akaongea, kwa sababu kukata simu kungekuwa kukiri. Baadaye yule mshonaji akaolewa, mambo yakaisha. Hakumwambia mkewe. Mkewe naye hakumuuliza kitu.

"Akinipokea sanduku mlangoni namtazama usoni, najiuliza anajua au hajui," akasema. "Akinitilia chai, anajua au hajui. Nimezeeka nalo. Sasa kaniambia. Kangoja afe ndiyo aniambie, tena mbele za watu."

Hapo ndipo palikuwa pangu pa kusema! Si yeye, babu, ni mimi. Maneno matano. Angeshusha mzigo palepale. Lakini pia angejua kwamba amemwaga siri ya ndoa yake mbele ya mtoto wa watu kwa sababu ya utani wa mwanafunzi mwenye njaa. Nilifikiri hivyo. Hapana. Niliogopa, basi. Hayo mengine nimeyapanga njiani nikirudi.

Akaniuliza, taratibu sana, "Aliyasema kwa sauti gani? Alikuwa na hasira?"

"Hapana, babu. Alikuwa anacheka."

Imetoka yenyewe, kabla sijaipima.

"Anacheka vipi?"

"Kidogo tu. Kama mtu anayemtania mwenzake."

Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani nimemwua. Kumbe anacheka. Kisha akalia kweli, kwa muda mrefu, na mimi nimekaa pale na mikono mapajani kama mgeni wa harusi. Alipotulia akasema mwanamke yule alimshinda, alimshinda tangu mwanzo mpaka mwisho. Akainuka kwenda kuchemsha maji. Hakushika ukuta.

Nilipoaga akaniwekea mkono kichwani, akaniombea maisha marefu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kaniambia siku ya uzinduzi nikae naye, kiti cha pembeni yake, kwa sababu mimi ndiye wa mwisho aliyemsikia mkewe akicheka.

Jumapili, 9 Machi

Sijatoka. Mama kapiga, kasema sauti yangu imepauka, nimekula? Nikasema nimekula. Sijala. Hata hilo! Sasa nadanganya bure, kwa mazoea.

Nimejaribu kujitetea siku nzima. Mzee amepata amani. Amani ni amani. Nani ameumia? Halafu namwona Bibi, ametoka kwenye laini ya shangazi yake, anakwenda nyumbani kungoja kuambiwa. Huyo ndiye aliyeumia. Hawezi kupiga simu ofisini kulalamika, ndiyo maana namwona mwepesi kubebeshwa.

Kicheko pia nimemzulia. Sijawahi kumsikia akicheka, kusema kweli. Alikuwa anakohoa.

Jumanne, 11 Machi

Rula kanifuata nikiwa peke yangu ofisini. Rula haongei sana, anapima. Hata kikombe chake anakiweka sambamba na ukingo wa meza. Akasimama mlangoni akasema, "Mkato, ile tabaruku ilikuwa nyekundu."

Nikaendelea kupanga bahasha.

"Niliikuta nyekundu, nikaona nzuri, nikajua umesahau kubadili rangi. Nikaigeuza nyeusi. Sikukuuliza. Jana nimesoma sura ya nne." Masikio yalikuwa yamemwiva. "Kilikuwa kijazio, sivyo?"

Nikaitika kwa kichwa. Akaketi. Akasema basi kosa ni letu wawili, twende wote kwa Chifu, asiende mtu peke yake. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga, maana mtu akikubebea nusu ndipo unapoona uzito wote.

Chifu hakupayuka. Bora angepayuka. Alikaa juu ya boksi la vitabu, akavua miwani, akauliza maneno ya kweli yako wapi. Nikasema sikuyaandika. Akauliza kama nayakumbuka. Nikasema kuna mlango. "Mlango," akasema. Mwaka wake wa mwisho huu, na kitabu hiki ndicho alichokuwa anataka kukumbukwa nacho na wanaobaki.

Kaamua hivi. Rula atachapa stika nyeupe, tupu, za kufunika yale maneno kwenye kila nakala. Lakini hatubandiki hata moja kabla familia haijaambiwa. Kitabu ni cha marehemu, ukurasa ule ni wa mumewe. "Nenda ukamwambie," akaniambia. "Kwa mdomo wako. Ijumaa nataka jibu."

Habari za mshonaji sikuwaambia. Si zangu kuzisema. Kwa hiyo hawaelewi kwa nini miguu yangu mizito. Wanadhani naona haya tu. Rula kajitolea kunisindikiza, nikamkatalia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda. Nilikuwa nimeamua, naapa.

Kafungua binti yao mkubwa, muuguzi, bado na sare ya kazini. Akasema baba kaenda kwa kinyozi kujiandaa na Jumamosi, ingia umsubiri. Nikaingia. Akafunga mlango akabaki ameuegemea.

"Baba katuita Jumapili, sote," akasema. "Kanyoosha mgongo, katueleza habari za yule mwanamke. Kasema mama alijua, akamcheka, akamsamehe, imeandikwa kitabuni. Tangu msiba sijamwona anakula vile."

Nikasema nimefurahi.

"Mimi sijafurahi, mdogo wangu. Mama alitulea na jambo moja. Akikukuta umesimama nyuma ya mlango unasikiliza ya watu, siku hiyo utalala unalia. Nimesoma sura yake ya nne. Anaapa hakuwahi kubaki kwenye laini ya mtu. Halafu mwanzoni kabisa anajisifu kwamba alimsikiliza mumewe, zote. Lipi ni lipi?"

Kwenye meza ile ya chakula kulikuwa na kitabu, kimefunguliwa, lenzi juu yake. Mzee amefika sura ya pili. Anakwenda ukurasa kwa ukurasa kama alivyosema. Nne iko mbele yake.

"Wewe ndiye uliyezungumza naye," akasema. "Niambie kweli. Ndivyo alivyosema?"

Mtu angeweza kunifungulia mlango zaidi ya hapo? Alinishika na mkono kabisa. Sentensi yangu ilikuwa mdomoni. Na hapo tukamsikia mzee kwenye ngazi — anapanda, anapiga mluzi. Mzee wa kushika ukuta, anapiga mluzi.

Nikasema, "Ndivyo, dada."

Akanitazama. Akatikisa kichwa taratibu. "Basi sikumjua mama yangu," akasema, akaenda kumfungulia baba yake.

Mzee kaingia amenyolewa, ananukia spiriti, akanitaka nimguse shavu nione kazi ya kinyozi. Nikaligusa. Lilikuwa laini.

Ijumaa, 14 Machi

Chifu kauliza, umemwambia? Nimesema nimemwambia. Kasemaje? Kasema ibaki hivyohivyo.

Rula kanitazama muda mrefu. Kisha kachukua bahasha ya stika, kaitia kwenye droo, kaisukuma droo mpaka ikafunga.

Sina la kuongeza. Nimeandika ili iwe imeandikwa mahali.

Jumamosi, 15 Machi

Niko kwenye chumba cha nyuma ya ukumbi, penye viti vilivyopandanishwa na mabango ya zamani. Nimekuja kuchukua boksi la pili. Boksi lipo hapa, nimelikalia. Daftari lilikuwa kwenye mkoba. Mkono ukiwa unaandika nahisi kama nina kazi.

Ukumbi umejaa. Wanafunzi wamesimama mpaka ukutani, Chifu kavaa koti la kuazima, mlezi wetu katoa hotuba fupi kwa mara ya kwanza maishani. Mzee yuko mstari wa mbele na suti yake. Kiti cha pembeni yake kina kitabu juu yake, kaniwekea. Binti yake kaketi mwisho wa mstari, mbali naye.

Na maopereta wamekuja. Wanawake wanne, wazee, wamevaa vizuri, wameketi wamenyooka wote namna moja, nadhani ni viti vya kazini vilivyowazoeza. Niliwagawia nakala kwa mikono yangu. Walishukuru mmoja mmoja. Nikasimama pembeni nione. Yule mwenye miwani ya mnyororo kafungua, kageuza ukurasa wa jina, kasoma. Kavua miwani, kaifuta, kasoma tena. Kampa jirani yake bila neno. Jirani kasoma, kampa wa tatu. Wa nne alipomaliza alikifunga kitabu akakiweka chini ya kiti, sakafuni, jalada likitazama chini.

Hapo ndipo nikasema nakwenda kuleta boksi.

Mlango huu haufungi vizuri, nasikia yote. Mzee amesimama kuzungumza. Kaanza vizuri, sauti inafika. Kasema alikuwa mwuza dawa, kasema alikuwa mume mbaya kwa muda fulani. Watu wametulia. Kasema atawasomea maneno ambayo mke wake alimwachia. Kayasoma, hana lenzi, anayajua kwa moyo. Wanafunzi wakacheka, cheko zuri la upendo, wengine wakapiga makofi.

Makofi yamekatika. Kuna mtu kasimama. Ni yule wa miwani, naijua sauti, ndiyo ile niliyoisikia kwenye simu nikithibitisha mwaliko. Anaomba radhi kwa mzee na kwa mkutano. Anasema, polepole, kila neno na nafasi yake: alikaa kiti cha pili kutoka kwa marehemu tangu wakiwa wasichana. Marehemu hakusikiliza simu ya mtu. Kama alisikiliza yeye, basi wote wanne walisikiliza, na mji mzima ulisikilizwa. Anataka kujua maneno haya yametoka wapi.

Kiti kimelia, labda binti.

Mzee hajakasirika. Nasikia hata anatabasamu, inasikika. Anasema dada yangu, hata mimi nilishtuka kama wewe. Lakini aliyasema mwenyewe, kwa mdomo wake, tena akicheka. Aliyeyapokea yumo humu ndani. Atakueleza alivyocheka. Mwiteni yule mtoto.

Chifu kaniita, mara moja, kwa jina langu kamili. Sijawahi kumsikia akilitumia.

Rula amekuja. Yuko hapa mlangoni, ameushika wazi, mwanga wa ukumbi umeingia mpaka kwenye daftari. Naziona nyuso nyuma yake zimegeuka huku zote. Nimeandika mistari hii na bado hajaondoka.

Namsikia mzee anawaambia wavumilie kidogo, mtoto huyu hapendi kusifiwa.